Mwongozo Kamili wa Kusimba Mabadiliko ya Tezi Dume Yanayotangulia Saratani

Makosa ni yale yale. Mzee amekutwa na mabadiliko ambayo bado si saratani, lakini faili lake limeandikwa C61, msimbo wa saratani ya tezi dume, na sasa anahesabika mgonjwa wa saratani. Mwingine ripoti yake ina neno ASAP, kifupi cha aina ya mabadiliko yanayotia shaka, karani akadhani ni lile la Kiingereza la "haraka iwezekanavyo". Wa tatu madai yake ya bima yamerudi kwa sababu msimbo uliojazwa haumo kabisa kwenye mfumo wa hospitali.

Mwongozo huu nimewaandikia maafisa kumbukumbu za afya, makarani wa madai, na wale wanaokaa nyumbani Arusha au Nairobi wakisimba mafaili ya kliniki za Marekani. Unafundisha kusimba, yaani kuupa ugonjwa msimbo wake wa herufi na namba. Haufundishi kutibu.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Ripoti ya patholojia (majibu ya maabara iliyochunguza vinyama) yenyewe, kurasa zote, ikiwa na sahihi. Muhtasari wa daktari hautoshi, na picha ya ukurasa wa mwisho iliyotumwa kwa simu haitoshi zaidi.
- Nakala ya fomu iliyopeleka vinyama maabara.
- Majibu yote ya PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, pamoja na tarehe zake. La mwisho peke yake halitoshi.
- Maelezo ya daktari ya ziara iliyofuata baada ya majibu kutoka.
- Kitabu cha misimbo, cha karatasi au cha kompyuta, ambacho unajua ni toleo gani.
- Namba ya mtaalamu wa patholojia au daktari wa mfumo wa mkojo anayepokea simu. Hili watu hulidharau, na ndilo linalookoa siku.

Kama ripoti ya patholojia haipo, ishia hapa. Weka faili pembeni ushughulikie lingine.

## Hatua ya 1: Jua umeshika kitabu kipi

Nusu ya madai yaliyorudi niliyoyaona chanzo chake kiko hapa.

Kuna ICD-10, kitabu cha misimbo ya magonjwa cha Shirika la Afya Duniani, inayotumika katika hospitali nyingi za kwetu. Halafu kuna ICD-10-CM, toleo la Wamarekani, linalofanyiwa marekebisho kila tarehe 1 Oktoba. Majina yanafanana, tarakimu tatu za mwanzo mara nyingi zinafanana, kumbe ndani ni vitabu viwili.

Jaribio ni la dakika moja. Tafuta N42.3. Ukiikuta imesimama peke yake, ikimaanisha mabadiliko ya seli za tezi dume ya daraja la chini, umeshika kitabu cha Shirika la Afya Duniani. Ukiikuta imegawanyika kuwa N42.30, N42.31, N42.32 na N42.39, hicho ni cha Wamarekani; mgawanyo huo ulianza kutumika tarehe 1 Oktoba 2016. Na kama kitabu chako kinaruka kutoka N42.2 hadi N42.8, hilo ni toleo la zamani. Omba jipya.

Kwa nini nalisisitiza hili? Kwa sababu ukitafuta mtandaoni, majibu ya kwanza karibu yote ni ya Kimarekani. Karani anakuta N42.32, anaijaza kwenye mfumo wetu, na mfumo ama unaikataa au unakata tarakimu ya mwisho na kubakiza N42.3. Ukiikataa, una bahati. Ukiikata, ripoti iliyosema "kuna shaka ya saratani" imegeuka kuwa "mabadiliko madogo", na hakuna atakayegundua.

R97.20 nayo ni hivyo hivyo. Kwa Wamarekani ni PSA iliyopanda. Katika kitabu cha Shirika la Afya Duniani, eneo hilo ni la vifo visivyojulikana sababu: R96 ni kifo cha ghafla, R98 ni mtu aliyekutwa amekufa bila mtu wa karibu. Hutaki kumsogeza mzee aliyekuja kupima damu mtaa huo.

Kama kituo chenu kimehamia ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022, misimbo ya mwongozo huu haitakufaa, ila namna ya kusoma ripoti itakufaa.

Umefaulu ukiweza kumjibu mwenzako "tunatumia toleo gani?" bila kufungua kompyuta.

## Hatua ya 2: Fomu ijae kabla ya sindano

Msimbo mzuri huanzia chumba cha kuchukulia vinyama, yaani biopsi. Fomu ikifika maabara imeandikwa "tezi dume, biopsi" basi, mtaalamu wa patholojia atajibu kwa kadiri alivyoulizwa.

Fomu iwe na umri, namba ya faili, PSA na tarehe yake kwa kipimo cha ng/ml, matokeo ya kipimo cha kidole, kama mzee aliwahi kuchukuliwa vinyama na majibu yalikuwaje, na idadi ya vipande. Kwa kawaida vipande huwa 12, sita kila upande. Kila kikopo kionyeshe upande na sehemu: kulia au kushoto, juu, katikati au kwenye ncha.

Lebo ibandikwe kwenye kikopo, usiibandike kwenye mfuniko. Mifuniko hubadilishana.

Eneo lina maana yake. Mzee akirudiwa, daktari atataka kurudi pale pale palipotia shaka. Vipande vyote vikiwa vimetumbukizwa kikopo kimoja, hapo mahali hapajulikani tena.

Umefaulu ikiwa mtu ambaye hajamwona mgonjwa anaweza kusoma fomu na kusema kwa nini alichomwa sindano na wapi.

## Hatua ya 3: Usisimbe kabla ya majibu

Siku ya biopsi daktari huandika "shaka ya saratani ya tezi dume". Usiichukue hiyo ukaifanya C61. Kwa kazi za Marekani sheria iko wazi: mgonjwa wa nje hasimbwi kwa neno "huenda", "inashukiwa" au "kuondoa shaka", husimbwa kwa kilichothibitika, na kama hakijathibitika, kwa dalili iliyomleta, mathalani PSA iliyopanda. Aliyelazwa ana kanuni tofauti, na kwake ripoti ya patholojia peke yake haitoshi: daktari anayemtibu lazima aikubali kwa maandishi yake.

Huku kwetu shinikizo huwa ni la kufunga madai ya mwezi. Naelewa. Lakini C61 ikishaingia kwenye mfumo hufuatana na mtu: kwenye takwimu za hospitali, bima, barua ya rufaa. Kuiondoa ni kazi ya miezi.

## Hatua ya 4: Soma ripoti kama anavyosoma mtaalamu

Hapa nenda polepole. Anza na sehemu ya mwisho, ile ya hitimisho la mtaalamu, kisha rudi juu usome kipande kwa kipande. Haya ndiyo maneno utakayokutana nayo.

PIN. Seli za ndani ya mirija ya tezi zimebadilika lakini hazijavunja ukuta kutoka nje. Zamani ziligawanywa I, II na III. Siku hizi wataalamu hutaja madaraja mawili tu: la chini, yaani I ya zamani, na la juu, HGPIN, ambalo ni II na III zilizounganishwa. La chini wengi wao hawaliandiki tena kwenye ripoti, kwa hiyo usishangae ukikaa mwaka bila kuliona.

ASAP. Hii haina uhusiano wowote na haraka. Ni kundi dogo la vijitezi vyenye sura ya saratani, ila ni vichache mno kwa mtaalamu kuweka sahihi yake. Anachosema ni: "Nina shaka, sina ushahidi wa kutosha." Niliwahi kukuta faili lenye karatasi nyekundu ya DHARURA juu yake kwa ajili ya herufi hizo nne, na ndani yake sehemu ya msimbo ikiwa tupu.

PIN4. Mtego huu umewanasa hata waliosoma. Hakuna PIN ya daraja la nne. PIN4 ni jina la mchanganyiko wa rangi za maabara, wenye p63, keratini na AMACR, unaomsaidia mtaalamu kutofautisha saratani na isiyo saratani. Ripoti ikisema "PIN4 imefanyika", ametaja kipimo, hajataja ugonjwa.

Adenosisi. Huitwa pia AAH. Jina lake kwenye ripoti lina neno la kutisha, lakini ni hali isiyo saratani inayofanana nayo kwa macho. Usiipeleke D07.5, msimbo wa saratani ambayo haijavamia.

Saratani ya ndani ya mirija, IDC-P. Hii si PIN iliyozidi. Mara nyingi huambatana na saratani inayovamia, na ni kali. Ukiiona, hata kama ripoti haina alama za Gleason (za ukali wa saratani), mpigie daktari kabla ya kuandika chochote.

Kukua kwa tezi kusiko na saratani. Ni N40 na jamaa zake. Pita.

Umefaulu ikiwa umeandika pembeni, kwa kalamu, kila kipande na neno lake moja. Kompyuta isubiri.

## Hatua ya 5: Chagua msimbo

Kwa kitabu cha Shirika la Afya Duniani:

- Daraja la chini: N42.3.
- Daraja la juu, HGPIN: D07.5.
- Saratani iliyothibitika kwenye kipande chochote, hata kimoja kati ya 12: C61. PIN iliyo jirani yake haihitaji msimbo wake.
- ASAP: haina mstari wake. Kanuni ya kitabu ni kwamba hali iliyotajwa kwa jina lakini isiyo na nafasi yake huangukia kwenye ".8", na hapo ni N42.8, magonjwa mengine ya tezi dume yaliyotajwa. Ndio ushauri wangu. Lakini mkubaliane na daktari wenu, muandike, mbandike ukutani, ili karani wa zamu ya usiku asije na D40.0 yake. D40.0 ni uvimbe ambao mtaalamu mwenyewe ameandika kwamba tabia yake haijulikani. ASAP sio uvimbe.

Kwa ICD-10-CM:

- PIN bila daraja, PIN I, PIN II: N42.31.
- PIN III: D07.5.
- ASAP: N42.32.
- Mabadiliko mengine yaliyotajwa: N42.39. Yasiyotajwa aina: N42.30, ambayo ukiitumia mara nyingi ujue kuna mtu hasomi ripoti.
- PSA iliyopanda: R97.20. Inaweza kukaa pembeni ya PIN, kwa sababu PIN yenyewe haipandishi PSA. Kupanda kwake bado hakujapata maelezo.

Umeona tatizo? Mtaalamu anaandika HGPIN, maana yake II au III. Kitabu cha Marekani kinaweka II upande mmoja na III upande mwingine. Neno moja la ripoti lina milango miwili, na wewe karani huna mamlaka ya kuchagua. Wanaosimba kila HGPIN kuwa D07.5 wanabahatisha, na wanaoipeleka yote N42.31 nao wanabahatisha. Dawa yake ni hatua ya 6.

Onyo moja la mwisho kwa wasimbaji wa Marekani: chini ya D07.5 kuna maelezo yanayozuia kuiweka pamoja na PIN II au mabadiliko madogo na ya kati ya kundi la N42.3. Yasome kabla ya kuweka misimbo miwili kwenye mstari mmoja.

### Mfano wa karibu

Nimeutunga, ila sura yake ndiyo tunayoiona kila wiki.

*Umri miaka 64. PSA 7.8 ng/ml. Vipande 12. Kulia katikati: HGPIN. Kushoto, ncha: ASAP, PIN4 imefanyika, haikutoa jibu. Vipande vingine: tezi imekua, hakuna saratani.*

Kwa hospitali yetu: D07.5 kwa ajili ya HGPIN, na N42.8 kwa ajili ya ASAP. PIN4 haipati kitu. C61 haipo, kwa sababu hakuna aliyeisema.

Sasa, ipi iwe hali kuu? Wengi wataweka D07.5 kwa kuwa ina sauti nzito. Subiri kidogo. Katika mapitio ya tafiti, wanaume waliokutwa na ASAP wakirudiwa biopsi, takriban 4 kati ya 10 hukutwa na saratani. Ndiyo maana ASAP huwa sababu ya kumrudisha mzee ndani ya miezi 3 hadi 6. Soma daktari ameandika anamwita tena kwa ajili ya nini. Hicho ndicho hali kuu. Uzito wa jina usikuongoze.

## Hatua ya 6: Uliza, na uulize vizuri

Usimwandikie daktari "Je, hii ni PIN III ili tuweke D07.5?" Hapo umeshamwekea jibu mdomoni, na mkaguzi akiliona karatasi hiyo, kosa ni lako. Andika hivi:

*"Daktari, shikamoo. Ripoti ya tarehe fulani, namba fulani, imeandika HGPIN kulia katikati bila namba ya daraja. Naomba utaje kama ni II, III, au haiwezekani kutenganisha. Ahsante."*

Jibu lije kwa maandishi na liwe na tarehe. Likija kwa simu, mwombe aongeze mstari kwenye ripoti. Akisema haiwezekani kutenganisha, msimamo wangu ni N42.31, kwa kuwa kitabu kinataka III itajwe ndipo uende D07.5. Jibu lake liambatanishwe kwenye faili.

Ukishauliza mara tatu nne, wataalamu wengi huanza kuandika namba wenyewe.

## Hatua ya 7: Faili na madai vizungumze lugha moja

Kabla ya kutuma, weka karatasi tatu sambamba: ripoti, maelezo ya daktari, fomu ya madai. Neno la ugonjwa liwe moja kote. Kosa la kawaida ni daktari kumwandikia mzee "saratani ya awali" ili aelewe uzito na arudi kliniki, wakati ripoti inasema HGPIN. Bima ikisoma saratani bila ripoti ya saratani, inarudisha. Mwombe daktari asahihishe kwa mstari mpya wenye tarehe na sahihi. Usifute wala kupaka rangi nyeupe.

Wanaopeleka taarifa kwenye rejesta ya saratani wajue pia: HGPIN ina namba yake ya kimofolojia, yaani ya aina ya seli, 8148/2. Hiyo 2 baada ya mkwaju maana yake haijavamia. Saratani inayovamia ina 3. Rejesta nyingi haziihesabu PIN III kabisa, na Marekani waliacha kuikusanya kwa wagonjwa waliogunduliwa kuanzia 2001. Ukiisukuma kama 3, umeongeza mgonjwa wa saratani ambaye hayupo.

Umefaulu ikiwa mwenzako anasoma karatasi zote tatu na kuandika msimbo ule ule bila kuangalia wako. Fanyeni hivyo kwa mafaili 10 kila mwezi. Inachukua asubuhi moja.

## Hatua ya 8: Mzee akirudi

Akija kwa kipimo cha PSA cha kufuatilia huku HGPIN ikiwa bado inasimamiwa, utambuzi ni ule ule. Z12.5 ni ya mtu asiye na shida aliyekuja kuchunguzwa tu. Huyu si mmoja wao.

Biopsi ya pili ikionyesha saratani, C61 inaanza tarehe ya ripoti hiyo. Usirudi nyuma kubadili ziara za zamani. Siku ile ilikuwa ASAP, na itabaki ASAP.

Biopsi ya pili ikiwa safi, kuna kishawishi cha kuandika "amepona" au, kwa Wamarekani, Z87.430, historia ya mabadiliko ya tezi dume. Usifanye hivyo kwa uamuzi wako. Sindano hugusa sehemu ndogo sana ya tezi, na pale ilipokosa huenda hali bado ipo. Ni daktari anayesema limekwisha. Mpaka aseme, faili linabaki na msimbo wake na tarehe ya ziara inayofuata, iliyoandikwa kwa ukamilifu: siku, mwezi na mwaka, pamoja na namba ya simu ya mzee au ya mwanawe, maana wazee wengi simu zao huwa hazina chaji.